Mashine ya kuchomelea ya inveta ndani ya jahazi: uzoefu wangu wa misimu miwili Lamu

Ninayoizungumzia ni ile ndogo ya rodi (kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha), amperi 160, kilo tano hivi, ya kutundika begani. Inakaa ndani ya jahazi la mbao ambalo watu wanalala humo, nanga ikiwa mkondoni kati ya visiwa vya Amu (Lamu) na Manda, kwa hiyo umeme wote ni wa jenereta. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Inayoiua ni jenereta dhaifu, chumvi na vumbi la grinda.

Rodi ya milimita 2.5 hutaka amperi 70 hadi 90. Ukijumlisha kinachopotea ndani ya mashine, jenereta inadaiwa kVA (kipimo cha nguvu yake) 3 na ushei. Ya 2.8 itanguruma, volti zitashuka, rodi itanata kwenye chuma, na lawama atabeba fundi. Chukua kVA 5, yenye kidhibiti volti. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Wakati wa kuzima, mashine itangulie. Waya wa kurefushia uwe wa milimita mraba 2.5 na uukunjue wote, kwani ukiuacha umejiviringisha hupata moto hadi plastiki inalegea. Plagi yenye fyuzi ya amperi 13 inavumilia rodi ya 2.5. Kwa ya 3.2 zoea kubadilisha fyuzi zinazoungua.

Feni ya mashine huvuta hewa moja kwa moja hadi kwenye bodi ya elektroniki. Vumbi la chuma likiingia pale, chumvi ikalilowesha, bodi inapiga shoti. Kwa hiyo mashine ikae joshini, upande upepo unakotoka, na grinda ifanye kazi demani, upande upepo unakoelekea, hata kama ni kero kuhamahama. Kazi ikiisha, ipulize kwa pampu kavu kisha ifungie ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Isilale juu ya dari (sitaha) hata usiku mmoja. Rodi nazo zitie kwenye bomba la PVC lenye vizibo pande mbili. Zikinyonya unyevu hurusha cheche ovyo na kuacha matundu kwenye ushono. Rodi za aina ya 6013 huokoka kwa kukaushwa saa moja kwenye sinia juu ya makaa yaliyofifia. Za aina ya 7018 zinataka nyuzi 300 na zaidi, basi usizipakie kabisa.

Klampu ya ardhi ibane chuma kile kile unachochomelea, sentimita chache kutoka kwenye ushono. Ukiibana kwenye injini ili uchomelee shafti, umeme utarudi kupitia bearingi na kuzitoboatoboa. Chomoa betri na altaneta kabla.

Mbao zilizopakwa sifa (mafuta ya samaki), na pamba ya kalfati inayoziba nafasi kati ya mbao, hushika moto kimyakimya. Tandika bati lenye mchanga chini ya kazi, na ukishamaliza kaa palepale nusu saa ukinusa. Wengine hutandika gunia bichi. Sipendi, maana rodi ikiwa haijagusa chuma mashine hutoa volti 60 hadi 80, nawe umeloa jasho la chumvi. Glavu kavu, ubao mkavu chini ya miguu.

Nanga na misumari yenye zinki: isage zinki hadi chuma kionekane, la sivyo moshi wake utakutia homa usiku. Vyuma vya usukani vinangojea bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, jahazi lilazwe pwani. Una saa chache tu kabla maji hayajajaa, kwa hiyo kata na upime kila kipande siku iliyotangulia.

Jiliwa (kibanio cha kushikilia chuma) ya inchi nne ifunge kwa bolti kwenye ubao wa milimita 50 unaoweza kung'olewa, si kwenye dari yenyewe. Chembe za chuma ziokote kwa sumaku iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni kabla umande haujashuka. La sivyo, asubuhi utakuta madoa ya kutu ambayo sabuni haiyatoi.

Mashine inayokinga ushono kwa gesi achana nayo, upepo wa kusi utakupeperushia gesi yote.