Uzoefu wangu na BHS, Biblia ya Kiebrania ya Stuttgart

Kama unasoma Agano la Kale kwa Kiebrania na fedha yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua Biblia Hebraica Stuttgartensia, ile ambayo wanafunzi wa theolojia huiita BHS. Nakipendekeza kwa sharti moja: uwe tayari kusoma pembeni mwa ukurasa na chini yake, si katikati tu. Matini ya katikati unaipata bure kwenye simu, maana wachapaji wenyewe, Deutsche Bibelgesellschaft, wameiweka kwenye tovuti yao bila tanbihi. Kwenye kitabu unalipia tanbihi.

Toleo hili lilitoka kijuzuu kwa kijuzuu kati ya 1968 na 1976, likaunganishwa kuwa kitabu kimoja mwaka 1977, wasimamizi wakiwa Karl Elliger na Wilhelm Rudolph. Matini yake ni ya hati moja ya mkono, Kodeksi ya Leningrad, iliyonakiliwa Kairo mnamo 1008 na ambayo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Urusi, St Petersburg. Hili la hati moja lishike sana. Wahariri hawakuchambua hati nyingi na kuunganisha maneno waliyoyaona bora, kama inavyofanywa kwa Agano Jipya la Kigiriki. Walichapa alivyoandika mnakili mmoja, hata pale anapoonekana ameteleza, na maoni yao wakayashusha chini ya ukurasa. Kwa hiyo mhubiri anaposema "BHS inasema hivi" akidhani ametaja uamuzi wa wataalamu, ametaja hati ya Kairo tu. Uamuzi bado ni wa msomaji. Kitu kikubwa walichokihamisha ni Mambo ya Nyakati: katika hati hiyo kimetangulia Zaburi, BHS imekipeleka mwisho kabisa.

Ukizoea Biblia ya Kiswahili utapotea kidogo mwanzoni. Ruthu hayuko baada ya Waamuzi, yuko baada ya Mithali. Danieli hayuko kati ya manabii. Namba za mistari nazo zinahama. Anwani ya zaburi inahesabiwa kuwa mstari, na katika Zaburi 51 imechukua mistari miwili, kwa hiyo mstari wa 1 wa Kiswahili ni wa 3 huku. Malaki haina sura ya 4. Maneno yale yako 3:19-24. Yoeli 2:28 ni 3:1, na Yona 1:17 ni 2:1. Kabla hujasema mstari haupo, tazama mmoja au miwili mbele na nyuma.

Chapa yenyewe inasomeka, ila irabu ni ndogo. Aliyepita chuoni na kusoma Kiarabu chenye irabu ataona utaratibu ni uleule: konsonanti mstarini, irabu juu na chini, kulia kwenda kushoto. Panapoumiza macho ni kwenye herufi zinazofanana: ד na ר, ה na ח, ב na כ, ו na ז. Zinasumbua wasomaji leo na ziliwasumbua wanakili zamani. Mwanzo 10:4 ina Dodanimu, 1 Mambo ya Nyakati 1:7 ina Rodanimu, watu walewale. Tofauti ni herufi moja, na tanbihi ya Mwanzo inakuonyesha kwamba Torati ya Wasamaria na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, zina R hata hapo. Tumia taa nzuri, na usione aibu kushika lenzi.

Sasa utaratibu wa kusoma. Mimi sianzi na kamusi, naanza na alama za kiimbo. Tafuta atnah, kipembe kilicho chini ya neno moja katikati ya mstari: hapo mstari umegawanyika mara mbili. Kisha tafuta zaqef, nukta mbili zilizosimama juu ya neno: hapo kila nusu inagawanyika tena. Faida yake inaonekana Isaya 40:3. Tumezoea "sauti ya mtu aliaye nyikani". Katika BHS zaqef iko juu ya qore, yaani "aliaye", na neno "nyikani" limeachwa liende na linalofuata: sauti ya mtu aliaye, "Nyikani itengenezeni njia ya BWANA". Nusu ya pili ya mstari inaunga mkono mgawanyo huo, kwa sababu nayo ina "jangwani" ikienda pamoja na "nyosheni". Usomaji tuliouzoea unatoka Septuaginta na Injili, nao una historia yake, lakini alama za Kiebrania zimekata kwingine. Angalizo: Zaburi, Ayubu na Mithali zina mfumo wao wa alama. Huko mkato mkuu waweza kuwa alama nyingine, ole weyored, badala ya atnah, na ukitumia kanuni za vitabu vya nathari utakata mistari mahali pabaya.

Ukiona kiduara kidogo juu ya neno, nenda pembeni mwa ukurasa. Hapo kuna Masora ndogo, hesabu za wanakili kwa Kiaramu kilichofupishwa. Herufi yenye nukta juu ni namba au kifupisho. Lamedi yenye nukta maana yake neno hili kwa umbo hili halipo kwingine. Beti yenye nukta, liko mara 2. Kwenye neno la kwanza kabisa la Mwanzo, bereshit, utaona he yenye nukta, yaani mara 5, na maelezo kwamba 3 kati yake zinaanza mstari. Ukiondoa hii ya Mwanzo 1:1, nne nyingine ziko zote Yeremia: 26:1, 27:1, 28:1 na 49:34, na zote zinataja mwanzo wa kutawala kwa mfalme. Kwa anayefasiri Mwanzo 1:1, orodha hiyo ni malighafi halisi, na ilihesabiwa kwa mikono karne nyingi kabla ya kompyuta.

Kati ya matini na tanbihi kuna mstari mwembamba wenye "Mm" na namba. Usihangaike kutafuta namba hizo ndani ya kitabu. Zinakupeleka kwenye Massorah Gedolah ya Gérard Weil, kitabu kingine kilichotoka 1971. Bila hicho, mstari ule hauna kazi kwako. Nauona huo upungufu wa kweli: mnunuzi anabeba kurasa kwa kurasa za vielekezi visivyomfikisha popote.

Pembeni vilevile ndiko liliko neno la kusomwa, qere, pale linapotofautiana na lililoandikwa, ketiv. Ndani ya matini utakuta konsonanti za ketiv zimevalishwa irabu za qere, na ukilitamka neno kama lilivyo utapata kitu kisichokuwepo katika lugha. Hatua ni hizi: toa irabu, zihamishie kwenye konsonanti za pembeni zilizo juu ya herufi qof, hiyo ndiyo qere, kisha soma konsonanti za matini peke yake kupata ketiv. Isaya 9:2 (9:3 kwa Kiswahili) ni mfano unaobeba maana nzito. Ketiv ni לא, "si", kwa hiyo Mungu ameliongeza taifa wala hakuizidisha furaha, huku sentensi inayofuata ikisema wanafurahi mbele zake. Qere ni לו, "kwake", yaani taifa limezidishiwa furaha. Kwa sikio ni neno lilelile, lo, ndiyo maana likachanganywa. Hapa naikubali qere, na sababu yangu ni mtiririko wa mstari wenyewe.

Tufike chini ya ukurasa. Vifupisho ni vya Kilatini na wengi hukatia tamaa hapo, lakini vinavyorudi kila siku ni vichache. Alama ya kukumbuka, >, maana yake neno halipo kwa shahidi huyo, yaani hati au tafsiri ya kale inayotajwa. "l" ni "soma", "prp" ni "imependekezwa", "dl" ni "futa", "ins" ni "ingiza", "frt" ni "huenda", "prb" ni "yaelekea", "c" ni "pamoja na". "pc Mss" ni hati za Kiebrania 3 hadi 10, "nonn" 11 hadi 20, "mlt" zaidi ya 20. Usitishwe na "mlt": hizo kwa kawaida ni hati za zama za kati, na ishirini zilizonakiliwa kutoka chanzo kimoja ni shahidi mmoja. Herufi kubwa za mtindo wa Kigothi ni mashahidi wa kale: G Septuaginta, S tafsiri ya Kisiria, V Vulgata ya Kilatini, T Targumi za Kiaramu, Q hati za mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi. Torati ya Wasamaria ina alama yake ya herufi shini ya kisamaria.

Ukishajua vifupisho, kosa linalobaki ni la kuhesabu kura. Weka Mwanzo 2:2 na 4:8 pamoja uone. Kwenye 2:2 Kiebrania kinasema Mungu alimaliza kazi yake siku ya saba. Wasamaria, Septuaginta na Kisiria wanasema siku ya sita. Kwenye 4:8 Kiebrania kinasema Kaini akamwambia Habili ndugu yake, halafu hakuna alichomwambia. Mashahidi walewale watatu, na Vulgata juu yao, wana maneno "twende uwandani", na tanbihi inaeleza kwamba hati nyingi zinaacha nafasi tupu hapo. Mashahidi ni walewale, ila mimi huwakataa 2:2 na huwaegemea 4:8. Katika 2:2 ni rahisi kuona mtu akibadili saba kuwa sita ili asionekane kusema Mungu alifanya kazi sabato. Hakuna ambaye angebadili sita kuwa saba. Katika 4:8 kitenzi kimening'inia bila maneno yake, na ile nafasi tupu inaonyesha wanakili wenyewe walihisi kuna kitu kimedondoka. Swali la kuuliza kila mara ni hili: usomaji upi ungeweza kuuzaa mwingine?

Mahali ambapo tanbihi inalipa bei ya kitabu kizima ni 1 Samweli 14:41. Kwa Kiebrania Sauli anamwambia BWANA, Mungu wa Israeli, "leta tamim", sentensi ngumu ambayo wafasiri huitengeneza kwa kubahatisha. Septuaginta ina maombi marefu: Ee BWANA, Mungu wa Israeli, mbona hukumjibu mtumishi wako leo? Kama hatia ni yangu au ya Yonathani mwanangu, toa Urimu. Kama ni ya watu wako Israeli, toa Thumimu. Urimu na Thumimu ni vitu vya kuhani vya kupigia kura. Jicho la mnakili lilitoka kwenye "Israeli" ya kwanza likatua kwenye ya mwisho, na vyote vya katikati vikapotea. Konsonanti za tamim na Thumimu ni zilezile, t-m-y-m. Na mstari wa 42, unaozungumzia kupiga kura kati ya Sauli na mwanawe, unaeleweka mara moja.

Lakini usiimeze kila tanbihi. Zaburi 145 imepangwa kwa alfabeti na mstari wa herufi nuni haumo. Tanbihi ya 13 inapendekeza uingizwe, ikitaja hati moja ya Kiebrania, Qumran, Septuaginta na Kisiria. Ushahidi unaonekana kamili. Sasa soma mstari wenyewe katika hati ya Zaburi ya Pango la 11 la Qumran: Mungu ni mwaminifu katika maneno yake, na mwenye fadhili katika matendo yake yote. Nusu ya pili ni mstari wa 17 neno kwa neno. Na jina ni Elohimu, yaani Mungu, ilhali zaburi humwita BWANA kote, ukiacha "Mungu wangu" ya mstari wa 1. Yawezekana mstari ni wa asili, yawezekana pia mtu aliona pengo akalijaza kwa kuazima 17. Mimi hufasiri nikiuweka ndani ya mabano.

Ubora wa tanbihi unategemea nani aliandaa kitabu husika: Mwanzo ni ya Otto Eissfeldt, Zaburi ya Hans Bardtke, na kila mmoja ana mkono wake. Wapo wanaoandika "prp" au "m cs", yaani kwa sababu ya mizani ya shairi, bila shahidi hata mmoja. Hayo yasome kama maoni ya mtaalamu wa karne ya 20, usiyahubiri. Pia hati nyingi za Qumran hazikuwa zimechapishwa tanbihi hizi zilipoandaliwa, kwa hiyo ukimya wa BHS kuhusu Qumran si ushahidi wa chochote.

Mrithi wake, Biblia Hebraica Quinta, ulianza kutoka 2004, kitabu kimoja kimoja. Mwanzo ilitoka 2015. Ina maelezo kamili, vifupisho vyake ni vya Kiingereza, na ni mwangalifu zaidi kwa makisio. Kama kazi yako ni juu ya kitabu kimoja ambacho tayari kimetoka, nunua juzuu hilo. Kwa anayejifunza bado, lipo toleo la BHS la wasomaji, la 2014, ambalo limeondoa tanbihi za hati na kuweka maana za maneno yasiyo ya kawaida chini ya ukurasa. Linafaa kuongeza kasi ya kusoma, halifai kuchunguza matini.

Ukinunua BHS iliyotumika, fungua kurasa za mbele na za nyuma kabla hujalipa. Nakala nyingine zina ufunguo wa vifupisho kwa Kiingereza, nyingine zina Kilatini peke yake. Na hakikisha ile karatasi ya vifupisho inayowekwa ndani bila kushonwa bado ipo. Kama haipo, piga chapa kurasa za ufunguo uzikunje ndani ya jalada.