Madaraja 27 ya Venezia kwa tasbihi ya Mama

Mama alipokuja kututembelea Padova mwezi wa nne, nilitaka aione Venezia bila kumchosha kwa foleni za makumbusho. Nikapata ziara ya miguu ya masaa matatu inayohusu madaraja tu, yuro 30 kwa kichwa, kikundi cha watu wasiozidi kumi. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyowanyima ina sababu yake, na mwenye mzazi mtu mzima aisome vizuri kabla ya kulipa.

Tulikutana saa tatu asubuhi nje ya stesheni ya Santa Lucia, karibu na daraja la Ponte degli Scalzi. Kiongozi wetu, kijana mzaliwa wa mji huohuo, alianza na mchezo: kila mtu ataje tutavuka madaraja mangapi mpaka mwisho, na atakayekaribia zaidi atanunuliwa aiskrimu. Mji una madaraja zaidi ya 400, ingawa yanayovuka Mfereji Mkuu ni manne tu. Bwana mmoja Mholanzi akasema 25. Mama akasema 28, akatoa tasbihi yake kwenye mkoba, na kuanzia hapo kila tukivuka daraja anasogeza punje moja.

Daraja jipya la msanifu Calatrava, lililofunguliwa mwaka 2008, tulilitazama kwa mbali na kuendelea. Vioo vya sakafu yake vimetelezesha watu wengi siku za mvua, hadi manispaa ikaamua kuweka mawe badala yake. Mama aliposikia hivyo akasema basi tumelitazama, inatosha.

Lililonigusa mwanzo ni Ponte Chiodo, mtaa wa Cannaregio. Daraja hili halina kingo za kushikia. Zamani mengi ya Venezia yalikuwa hivyo, sasa limebaki hili na moja lingine kisiwani Torcello. Ni la matofali, ngazi zake pana na fupi, na linaishia kwenye mlango wa nyumba moja, basi. Mama akanishika kiganja, tukapanda katikati kabisa, maji ya kijani kulia na kushoto. Yeye kakulia Pangani. Alipofika juu akasema, "Mwanangu, hili si gogo la mnazi tu, ila wamelijengea?" Tukashuka upande wa pili, tukageuka, tukarudi.

Daraja la Rialto lilikuwa limejaa watu, lakini kijana alitupitisha njia ya pembeni, nyuma ya maduka, ambako unaona mfereji wote. Hapo ndipo anapostahili hela yake. Alitueleza kwamba madaraja ya kwanza mahali hapo yalikuwa ya mbao, na mwaka 1444 moja lilianguka kwa uzito wa watu waliojazana kutazama maboti ya msafara wa harusi. Likaanguka tena 1524. Hili la mawe lilijengwa kuanzia 1588 hadi 1591, tao moja tu, likikalia maelfu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope. Wasanifu wenye majina makubwa, Palladio akiwemo, waliwahi kuleta michoro yao, lakini kazi akapewa Antonio da Ponte, jina ambalo maana yake ni "wa daraja". Kuna msanifu mwenzake aliyetabiri kwamba litaporomoka. Nililipapasa lile jiwe la ukingo, limelainika kama sabuni kwa mikono ya watu, nikamfikiria mzee Antonio aliyekuwa na hakika na magogo yake.

Hapo Rialto ndipo goti la Mama lilipoanza kulalamika. Tangazo la ziara liliandika "matembezi mepesi, rika zote". Si kweli. Venezia daraja maana yake ni ngazi: unapanda, unashuka, na baada ya dakika tano lingine. Mtu wa kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto asingemaliza hata robo. Hilo liandikwe wazi, nami nimewaambia hivyo. Kijana hana kosa, yeye mwenyewe alimwona Mama anashika kiuno, akapunguza mwendo bila kuombwa. Tulipokwisha kulitazama Ponte dei Sospiri, yaani Daraja la Kushusha Pumzi, lile lililounganisha kasri la watawala na gereza, akatupandisha boti namba moja hadi Ca' Rezzonico. Tiketi yuro 9.50 kila mmoja, mfukoni mwetu.

Na laiti tungekata tamaa tungelikosa Ponte dei Pugni, Daraja la Ngumi. Juu yake kwenye kona nne zimechongwa nyayo za jiwe jeupe. Wanaume wa pande mbili za mji, Castellani na Nicolotti, walikuwa wakisimama hapo kabla ya kuanza kupigana, na aliyeshindwa aliangukia mfereji, maana wakati huo nalo halikuwa na kingo. Walipigwa marufuku mwaka 1705, visu vilipoanza kuingia. Mama akavua kiatu, akaweka mguu kwenye unyayo. Ukamtosha. "Kama Mwaka Kogwa Makunduchi," akamwambia kijana, "ila wale wanapigana kwa migomba." Nikatafsiri, na kijana akataka aelezwe yote, kusini na kaskazini, nani anaanza, nani anaamua.

Kisha hesabu. Kijana alikuwa na 26, tasbihi ya Mama ina 27. Mholanzi akaanza kushangilia. Mama akasema lile lisilo na kingo amelihesabu mara mbili, kwani amelipanda mara mbili na kulishuka mara mbili, na goti lake ni shahidi. Kijana akafikiri kidogo, akakubali. Aiskrimu ya pistachio, Mama akailia pale pale, mbele ya lile boti la kuuzia mboga linalofungwa chini ya daraja.