Redio ya setilaiti kwenye gari: sevu msanii, wimbo baadaye (uzoefu wangu)

Kama una SiriusXM, ile redio ya setilaiti ya kulipia, kwenye gari na bado unaruka stesheni moja moja ukitafuta ngoma unayoipenda, unajichosha bure. Mimi niko huku Texas, naendesha sana, na kitu kinanifanya niendelee kulipia hii redio ni hapo kwa kusevu wasanii.

Yaani wimbo ukiwa unacheza unagusa jina lake kwenye skrini, inakuuliza usevu wimbo ama msanii, unachagua, basi. Kuanzia hapo redio inachungulia majina ya nyimbo na wasanii wanaopigwa kwenye stesheni zingine zote na mtu wako akianza kupigwa popote inalia, inakuletea ujumbe, ukiugusa inakupeleka huko. Ila tuelewane, haiweki wimbo wenyewe, inashika jina tu, usidhani utaucheza saa unataka.

Sasa ushauri wangu ni huu, anza na msanii. Wimbo mmoja unaweza kukaa wee bila kupigwa, lakini msanii wa nyimbo nyingi lazima atokee. Mimi kama Wakenya wengi nimelelewa na kantri, Jim Reeves alikufa 1964 lakini kwetu Jumapili haikuwa inaisha bila yeye, kwa hivyo huyo ndiye nilianza naye, nikaongeza Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, na wengi wananijia kupitia Willie's Roadhouse, stesheni ya kantri za zamani. Aki Don Williams akiingia niko haiwei usiku uchovu wote unaisha. Mama watoto naye ameweka CeCe Winans, basi gari linatoka kantri linaingia injili na kila mtu anafurahi.

Kuna kitu kingine watu hawakitumii. Ukihamishwa hivyo mara nyingi unakuta wimbo uko katikati, na inauma sana kama ni ule wako. Dawa yake ni priseti, yaani vile vitufe vya stesheni umezisevu, redio nyingi za siku hizi zinarekodi kimyakimya zile stesheni umeziweka hapo, ukiingia wimbo unaanza mwanzo, wanaita TuneStart. Kwa hivyo angalia wasanii wako wanatokea wapi zaidi na hizo stesheni ndizo uzipe nafasi, si zile za habari.

Yenye sijapenda kwa gari langu ni kwamba ujumbe unafunika ramani, na unaweza kuja saa ile hasa unatafuta kutoka barabara kuu. Ingia kwenye menyu uzime alerti za wale si lazima, jina linabaki kwa orodha. Orodha pia ina kikomo kulingana na gari, usijaze watu wa kupita.

Kwa kantri na injili naipa tano kwa tano. Benga ndio sijaibahatisha huko, D.O. Misiani na wazee wenzake bado nawachezea kwa simu.