Muchunge na yule anauzishaka paketi za preampli ku WhatsApp hapa Lubumbashi

Jambo bote, sana sana wale tunatengenezaka radio na bafle za makanisa hapa Lushi. Kuko mutu anapitaka mu magrupu anauzisha paketi za preampli ya mikro (ile inakuzaka sinyali ndogo ya mikro mbele iingie ku ampli), dola 25, picha ni ya kupendeza kabisa, unalipa mbele ku telefone kisha njo anakutumia. Jina yake siandike, na namba anabadilisha kila mara.

Mu paketi kuko sirkwi 5 (vile vidude vyeusi vya miguu 8) zimeandikwa TL072, marezistansi, makondansateri na fotokopi ya shema, ni kusema muchoro ya kuunga. Ile fotokopi muiangalie muzuri maana wizi inaanzia pale. Amechora pembetatu kama kawaida, kushoto milango mbili ya kuingilia, moja + ingine −, na ku ncha ya kuume mulango ya kutokea. Ampli op (ile ampli ndogo iko ndani ya sirkwi) njo vile inachorwaka, hapo hajadanganya. Lakini ameongeza na biki nyekundu mishale mbili: + ya batri inaenda ku ile +, − ya batri ku ile −. Uongo! Zile alama za ndani ya pembetatu hazina mambo na batri. Sinyali ikipanda ku mulango ya +, kule kwa kutokea inapanda pia, ikipanda ku − kule inashuka, basi. Kuran inaingilia miguu ingine kabisa, na mu mashema mingi hata hawaichorake. Tena usizoee kusema ya juu njo +, shema ingine − iko juu, ingine iko chini, soma alama.

Miye hiyo yote nilikuwa najua lakini ilikuwa usiku, kuran ilikuwa imeenda, torshi mu kinywa, korale bananingojea kesho yake, nikafuata ile mushale kama mutoto. Kimya. Namuita, anacheka: "fundi umeunguza, ukikosea nyaya garanti imekufa". Munaona mutego? Shema yake njo inakukosesha, kisha kosa inakuwa ya kwako na makuta hairudi.

Asubuyi nikatosha sirkwi ingine sikuwa nimeigusa bado. TL072 iko na ampli mbili ndani, + ya kuran ni muguu 8, − ni muguu 4, na ampli ya kwanza inatokea ku 1, − yake ni 2, + yake ni 3. Nikafunga pile mbili za volti 9 moja nyuma ya ingine, pale zinakutana njo masi, ile volti 0. Nikaunga 1 na 2, vile kutokea inafuata tu + yake, nikaingiza pile ndogo ya volti 1,5 ku muguu 3, sasa multimetri ku muguu 1 ilipaswa kuonyesha ile ile 1,5. Wapi! Nikachukua aseton ya kutosha verni ya kucha, ya bibi yangu (alinigombeza, chupa ilikuwa mupya), nikapangusa juu na pamba: maandishi yote yakabaki ku pamba, chini yake ngozi imekwaruzwa na musasa. Nikawaza kidogo, nikahamisha kuran kutoka 8 kwenda 7, nikaunga 6 na 2, multimetri ku 6... 1,5 pale pale. Ni 741 bandugu! Ile ya tangu 1968, ampli moja tu ndani, makelele mingi, hapana ya kuweka mbele ya mikro ya korale. Na ku 741 muguu 8 haiunganishwe na kitu, hata ungefuata shema ya kweli ya TL072 isingewaka. Zile tatu zilibaki nikapima, ni ile ile.

Nilimutumia picha ya ile pamba akaniblokia. Kwa hiyo kabla ya kulipa mumuombe mukutane, mukuje na pamba na aseton, akikataa mumuache. Namba atabadilisha tena lakini fotokopi ni ile moja anazidishaka: mishale nyekundu, na ku kona ya chini kuko doa ya duara kama ya kikombe ya chai. Ukiona ile doa, ni ye.