VSC ya RAV4 yangu kwenye kona za Manyovu

Nina RAV4 ya 2008, mtumba wa Japani. Karibu kila wiki natoka nayo Kigoma mjini kwenda Manyovu kufuata maharage. Leo naisemea VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiserereke.

Machi, mvua imetoka kunyesha, malori yameacha tope jekundu juu ya lami. Niliingia kona ya kushoto na magunia sita nyuma, spidi kama 60. Matako ya gari yakaanza kuchepuka kwenda kulia. Sijakanyaga breki, nikasikia krrr chini ya mguu, taa ya njano yenye picha ya kagari na mistari ya kujipinda ikapepesa, injini ikapungua nguvu yenyewe, gari likanyooka. Mke wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hatukusemeshana mpaka Mwandiga.

Kilichotokea ni hiki: sensa moja inasoma usukani umekatwa kiasi gani, nyingine inasoma gari lenyewe linavyozunguka, na kila tairi lina sensa yake ya mwendo. Visipokubaliana, mfumo unabana breki ya tairi moja tu. Kwangu ulibana la mbele kulia, pua ya gari ikavutwa kurudi njiani. Mguu wangu una pedali moja ya breki kwa matairi yote manne. Hata ningekuwa dereva wa mashindano nisingeweza hilo. Ulaya mfumo wa aina hii ni lazima kwa magari mapya yote tangu 2014.

Sasa, miezi miwili kabla ya kona ile, taa hiyohiyo ilikuwa inawaka bila kuzima. Fundi wa kwanza akaniambia, "Kaka, hii nakutolea tu, haina kazi." Nilikataa. Wa pili alipima kwa mashine, akakuta waya wa sensa ya tairi la mbele kulia umekatika. La mbele kulia! Nikiikumbuka siku ile mwili unasisimka.

VSC haifanyi miujiza. Tairi kipara halina cha kushikia, na ukiingia kona na 100 kwenye tope utatoka nje tu. Ukinasa topeni, zima TRC, mfumo wa kuzuia matairi yasizunguke bure, kwa kitufe ili matairi yazunguke, ukishatoka iwashe.

Unayenunua mtumba, fungua swichi kabla ya kuwasha injini, uiangalie taa hiyo. Inatakiwa iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji nani kaitoa.