TAHADHARI: Mchora ramani wa "nyumba za milimani" Mbeya ni TAPELI

Wenye viwanja vya mlimani, Mbeya na Iringa, soma kwanza kabla hujatuma hela.

Nina kiwanja cha mlimani Iganzo, hapa Mbeya, nilikinunua kwa jasho langu, nikatafuta mtu wa kunichorea ramani ya nyumba. Huyu kaka alipanda mpaka saiti, na gambuti zake, na tepu. Akapiga vigingi kwenye pembe, akachota udongo akaufikicha kiganjani: "Dada, huu ukilowa unateleza, hapa tunashuka na mlima kwa ngazi." Akachora pale pale nyuma ya risiti ya saruji: gereji chini usawa wa barabara, sebule katikati na varanda ya vioo inayotazama mji, vyumba juu. Mama yangu akaamkiwa kwa Kinyakyusa safi, "ndaga fijo" nyingi, mpaka akafungashiwa ndizi. Mtu wa hivyo unaanzaje kumdai kitambulisho? Muhuri anao, picha za rangi anazo. Nikamrushia 1,800,000 kwa simu, yote.

Michoro ikaja. Nikaiprinti Kabwe, nikampelekea fundi. Akaikunjua juu ya mfuko wa saruji, akakaa kimya, halafu akaweka kidole pale nyumba inapoonyeshwa imekatwa ubavuni. Mstari wa ardhi umenyooka! Kiwanja ambacho ukidondosha chungwa unalifuata kule chini Mwanjelwa! Msingi wa ngazi hakuna. Ukuta wa kuzuia udongo hakuna. Mtaro wa kukinga maji ya juu ndiyo kabisa. Kwenye kona ya jina la mteja, jina langu limebandikwa juu ya maandishi mengine, na pembeni herufi zimechungulia: Kigamboni. KIGAMBONI jamani, kwenye mchanga wa pwani!

Kumpigia: "Dada nipo msibani Tukuyu." Tangu hapo namba haipatikani.

Huyu anatakiwa alale ndani. Akitoka ajengewe kibanda kwa mchoro wake mwenyewe huko juu, akae humo masika yote tumuone. Aprili 2024 si tuliona tope la Mlima Kawetere lilivyofukia nyumba za watu Itezi? Halafu mtu anauzia mlima karatasi ya tambarare, watoto walale humo! Mshenzi kabisa. Wanaomtetea kwenye grupu la viwanja nao wahojiwe, huenda wanakula naye.

Ya kuangalia: alipima kwa tepu tu, kile kifaa cha miguu mitatu cha kupimia mwinuko hakuja nacho. Udongo hakupeleka popote kupimwa. Risiti alikuwa anaikwepa. Namba ya usajili kwenye muhuri imefifia, haisomeki. Mbunifu majengo anasajiliwa AQRB (Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi), waulizeni wao jina lake kabla ya hela kutoka.

Jumatatu naenda polisi na michoro yote. Mwenye namba yake mpya anitumie inboksi, leo hii.