Dawa ya kutoa vumbi la breki lililogandia kwenye rimu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Watu wengi wanakosea kununua kwasababu wanadhani lile vumbi jeusi kwenye rimu ni uchafu kama matope. Sio. Ukikanyaga breki pedi inasuguana na diski, vyote viwili vinalika, zinatoka chembe ndogo za chuma zikiwa za moto pamoja na kaboni na gundi ya pedi, zote zinarukia rimu. Zile za moto zinajichomeka kwenye klia, yani ile rangi ya juu inayong'aa, halafu yakija maji zinashika kutu zikiwa humohumo ndani, ndo unaona vidoti vya kahawia au chungwa ambavyo unaosha leo na kesho vipo palepale. Rimu za mbele ndo zinateseka zaidi maana breki za mbele zinafanya kazi kubwa kuliko za nyuma. Sasa shampuu ya gari haina cha kuifanya kutu, hata uipige povu namna gani. Kwahiyo dukani usiulize ipi ina povu jingi, uliza ipi inayeyusha chuma.

Afu kabla hujatoa hela jua rimu yako imepakwa nini. Rimu nyingi za aloi zina rangi na klia juu, hizo zinavumilia dawa nyingi. Ila kama ni aluminiamu tupu iliyopolishiwa, au kromu, au anodaizi (aluminiamu iliyotiwa ngozi ngumu kwa umeme), hapo mambo ni tofauti kabisa, asidi na alkali kali zinaacha madoa meupe na kufubaza, na doa la hivyo haliondoki kwa kuosha. Hujui yako ni ipi? Chukua polishi ya metali kidogo na kitambaa cheupe, sugua sehemu isiyoonekana, kitambaa kikiwa cheusi basi ni metali tupu haina klia. Rimu za mati, yani zisizong'aa, nazo usizisugue sana wala kuzipolishi, zitaanza kung'aa mabaka mabaka.

Haya, namba moja bila ubishi: dawa ya zambarau. Ndo ile unaipulizia ikiwa haina rangi au ina rangi hafifu, baada ya dakika moja mbili inaanza kutiririka zambarau kama damu. Kinachofanya kazi humo ni thioglikolati, inaungana na zile chembe za chuma na kuzigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye maji, na huo muungano ndo unaleta rangi. Kwenye lebo ya nyuma tafuta neno lenye "thio", kama halipo na hakuna kingine chochote kilichoandikwa kuhusu kuyeyusha chuma basi hiyo ni sabuni tu imewekwa kwenye chupa nzuri. Uzuri wake nyingi zina pH karibu na 7, yani sio asidi wala alkali, kwahiyo klia haiguswi wakati chuma kinaliwa. CarPro IronX, Gyeon Iron, Bilt Hamber Auto-Wheel, Sonax Full Effect, zote ni za ukoo huu, na kiukweli ukishika yoyote kati ya hizo hujapotea njia.

Tofauti ya kuangalia ni uzito wa dawa. Kuna nyembamba kama maji, hizo zimetengenezwa pia kwa ajili ya bodi ya gari, na kuna nzito kama jeli zenye sabuni ndani ambazo ni za rimu. Kama shida yako ni rimu tu chukua nzito, kwasababu spoku zimesimama wima na dawa nyembamba inateremka chini kabla haijafanya kazi, unabaki umeosha sakafu. Ila kama na milango ya chini imejaa vidoti vya kutu, nyembamba ya kazi zote itakufaa zaidi.

Usidanganyike na ukali wa zambarau. Rangi inaonyesha kwamba dawa imekutana na chuma, haionyeshi kwamba rimu imeshasafika, na wauzaji wanajua rangi inapendeza kwenye video. Pulizia hiyo dawa kwenye diski yenyewe utaona inavuja zambarau pia, sio kwamba diski ni chafu, diski ni chuma! Hata vile vyuma vidogo vya kubalansi vilivyobandikwa kwa ndani, kama ni vya chuma vitatoa zambarau kila siku, usihangaike navyo.

Harufu sasa. Inanuka salfa, kama saluni wanapotia dawa ya kukunja nywele, na sio bahati mbaya maana ni kemikali za familia hiyohiyo, zipo mpaka kwenye krimu za kutolea vinyweleo. Kwahiyo vaa glavu na fanyia kazi mahali penye hewa. Zipo zenye manukato ya cheri sijui nini, zinanuka salfa yenye cheri, usiongeze hela kwa hilo.

Kuitumia: osha kwanza tope la juu, acha rimu ikauke, hakikisha ni ya baridi na haipigwi jua, pulizia, subiri dakika 3 mpaka 5 au kama lebo inavyosema, pitisha brashi, suuza kabla haijakauka. Rimu yenye maji inaipunguza nguvu, na rimu ya moto inaikausha na ikikauka inaweza kuacha doa. Vidoti vikibaki rudia mara ya pili, usiongeze nguvu ya mkono. Mizunguko miwili ya dawa inashinda mzunguko mmoja wa hasira. Rimu ambazo hazijawahi kuguswa miaka mingi zinakula dawa kweli, chupa ya 500 ml inaweza kuisha nusu au zaidi kwa rimu nne, kwahiyo kama hali ni mbaya nunua ya lita moja mapema, mara nyingi inatoka rahisi kwa kila mililita.

Namba mbili sio dawa, ni brashi, na hapa nitabishana na yeyote anayenunua dawa ya ghali halafu anasugua na sponji la vyombo. Unahitaji tatu: ya nywele laini kwa uso wa rimu, ndefu nyembamba ya kupita katikati ya spoku mpaka ndani kwenye pipa la rimu, na ndogo ya kuzunguka tundu za nati. Ile ndefu angalia isiwe na waya wa chuma uliotokeza kwenye ncha, ndo unaokwaruza watu rimu bila kujua, chagua ya maikrofaiba au iliyofunikwa plastiki mbele. Brashi hizi ziwe za rimu tu, zisiguse bodi ya gari kabisa, na ndoo yake iwe tofauti.

Namba tatu ni visafishio vya rimu vya alkali, visivyo na asidi na visivyobadilika rangi. P&S Brake Buster ni mfano mzuri, unapuliza inakuwa povu, inashika grisi na vumbi jipya vizuri na bei yake kwa kila safari ni ndogo hasa ukinunua galoni ukachanganya na maji mwenyewe. Kwa mtu anayeosha gari kila wiki hii ndo ya kawaida, ile ya zambarau unaitoa mara chache tu kwa mwaka. Lakini kwa vumbi lililoungua tayari haitoshi, italainisha la juu na kukuachia vidoti, ndo maana iko ya tatu. Kama rimu ni aluminiamu tupu soma lebo mara mbili.

Namba nne, dawa ya kutoa lami, pamoja na klei, yani kile kipande laini kama udongo cha kusugulia rangi ya gari. Hizi unazinunua ukishapitisha zambarau mara mbili, umepuliza tena hakuna rangi inayotoka, na bado kuna weusi. Hapo chuma kimekwisha, kilichobaki ni lami au ile gundi ya pedi, na dawa ya lami ndo inaipata. Pakaa kwa kitambaa, acha kidogo, futa, osha. Angalia tu usiiloweshe gundi ya vile vyuma vya kubalansi, vinaweza kuachia halafu usukani uanze kutetemeka barabarani ukadhani ni gari bovu. Klei inamalizia mabaki yanayokwaruza ukipitisha kidole, ila iloweshe kwa maji ya shampuu, na kipande kilichopita kwenye rimu kisirudi kwenye boneti.

Ya mwisho kabisa, namba tano, asidi. Sitasema haifanyi kazi, inafanya kazi kweli na haraka, ndo maana sehemu nyingi za kuoshea magari wanaipenda. Shida ni kwamba haichagui. Klia ikiwa na mkwaruzo au ufa asidi inaingia chini na kula aluminiamu, wiki kadhaa baadae unaona rangi inavimba. Na kuna asidi na asidi. Zenye fosforiki au oksaliki ni za kuheshimu tu, lakini zipo zenye haidrofloriki au amoniamu baifloraidi, hizo mtu wa nyumbani asizishike. Haidrofloriki inapenya ngozi na kuvuruga kalsiamu mwilini, maumivu yanaweza kuchelewa masaa kabla hujajua umeungua, na ikikupata nyingi inaua. Ukiona "floraidi" kwenye lebo irudishe rafu. Na asidi yoyote usiikutanishe na klorini ya kufulia, inatoka gesi ya sumu. Unapopeleka gari kuoshwa uliza wanapuliza nini kwenye rimu, una haki ya kuuliza.

Vya kuacha kabisa: dawa ya kusafishia oveni, nyingi zina kostiki soda na kostiki inakula aluminiamu. Stilwaya, hiyo hata usinishawishi. Soda ya kola na siki, zina asidi dhaifu, utapoteza mchana mzima kwa kazi ndogo. Halafu kuna ile dawa ya kopo ya kusafishia breki zenyewe, ile ya mafundi, watu wanaichanganya sana kwasababu jina linafanana. Ile ni ya kutoa grisi na mafuta kwenye diski, haiyeyushi chuma kilichojichomeka na inaweza kuharibu rangi na plastiki.

Ukishamaliza yote na bado unaona mistari meupe kama minyoo chini ya klia, acha kununua dawa. Hiyo ni kutu ya aluminiamu, iko chini ya rangi, inatibiwa kwa kukwangua na kupaka upya.

Kama hela imebaki, weka silanti ya rimu (dawa ya kupaka inayoacha utando wa kinga) au kotingi ya seramiki (utando mgumu zaidi) wakati rimu ni safi kabisa, vumbi litaendelea kuja ila halitashika sana na shampuu itatosha safari nyingi. Silanti unaipaka mwenyewe, rahisi, unarudia baada ya miezi michache. Kotingi inakaa zaidi lakini inataka rimu ivuliwe ndo ipakwe na ndani. Na siku pedi zikiisha ulizia za seramiki kama zipo za gari yako, nyingi zinatoa vumbi kidogo na la rangi nyepesi kuliko za semimetaliki, yani zenye chuma ndani, ila hakikisha zinafaa kwa uzito wa gari na uendeshaji wako, breki kwanza rimu baadae. Na ukishasuuza kila kitu endesha taratibu mita kadhaa ukigusa breki zikauke, diski ikilala na maji inapata kutu ya juujuu na asubuhi utaisikia ikikwaruza.